Kifuniko cha Tatu: Wino wa Kijani

Kijani!

Ndiyo, wasomaji wangu, wino ulikuwa wa kijani, na Mama Malalamiko bado amepiga magoti pale pale tulipomwacha wiki iliyopita, mbele ya kabati la chuma, boksi likiwa mapajani mwake. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Shauri lilikuwa linaanza saa nne.

Aliisoma lebo mara ya tano. Sahihi ilikuwa yake, na mkia wake mrefu kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Utepe haukukatwa. Mtu yeyote angeapa kwamba boksi lile halijafunguliwa tangu siku lilipofungwa.

Mtu yeyote, isipokuwa yeye. Siku ile ya kulifunga, pale dukani, kalamu yake iliishiwa wino, akaazima ya muuza duka, iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta. Aliukumbuka mpaka uzi wenyewe, kwa kuwa ulikuwa mfupi na ilibidi ainame ili asaini. Wino wa kalamu ile ulikuwa mweusi.

"Liko salama?"

Nusura boksi limdondoke. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, koti lake la siku za heshima mkononi.

"Liko salama, Mwalimu."

"Wala lisingekuwa vinginevyo. Limekaa kwako." Akacheka, akaenda kutafuta tai yake.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa Mama Malalamiko siku hiyo. Uhesabuni, maana jua lilikuwa halijapanda.

Kwa mliojiunga nasi leo, nitaeleza haraka. Jicho la Mnunuzi ni chama cha kutetea wanunuzi, vyumba viwili juu ya duka la viatu, kinachoishi kwa michango ya watu wa kawaida. Mwalimu alikianzisha alipostaafu kufundisha fizikia, akakiwekea sheria moja ambayo angependa iandikwe hata kwenye kaburi lake: nunua tatu. Bidhaa ikilalamikiwa, nenda dukani kama mteja yeyote, nunua tatu, zifunge hapo hapo, saini hapo hapo. Ya kwanza ipimwe. Ya pili ipelekwe serikalini. Ya tatu ifungiwe kabatini, isiguswe na mtu mpaka mbele ya Baraza linaloamua mashauri ya wanunuzi.

Bidhaa yenyewe mnaijua: sufuria ya presha ya ile Kampuni kubwa. Kifuniko chake kilishikiliwa na meno mawili badala ya matatu, kikawa kinafyatuka na mvuke wake. Watu thelathini na mmoja walikuwa wameungua. Sufuria ya kwanza ilifyatuka mbele ya wapimaji wa chuo, na Kampuni ikasema wapimaji hawajui kufunga kifuniko. Ya pili ilipelekwa Idara ya Viwango, na Idara ikajibu kwa barua yenye nembo kwamba sampuli "haionekani kwa sasa". Inasemekana inapikia maharage nyumbani kwa mkubwa fulani. Namwombea kila jioni kifuniko kikae.

Ikabaki ya tatu. Thelathini na mmoja wote walikuwa wametegemea boksi moja.

Sasa niwaambie dhambi ya Mama Malalamiko, maana hata wema wana zao. Mwalimu alisema saini hapo hapo. Lakini siku za foleni, watu wakiwa wamejipanga mpaka kwenye ngazi kumletea malalamiko, nani ana muda? Mama Malalamiko alikuwa akikaa asubuhi na kalamu yake ya kijani ya mafaili, anasaini lebo ishirini kwa mkupuo, tarehe anaiacha wazi, anazitia kwenye kopo la biskuti ndani ya droo. Kila mfanyakazi hodari ana njia yake ya mkato. Yake ilikuwa hiyo.

Aliyelifungua boksi, basi, alilifunga upya kwa utepe mpya, akachukua lebo kwenye kopo, akajaza tarehe mwenyewe. Kumi na nne, mwezi wa pili.

Mama Malalamiko aliisogeza lebo kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama ile nne. Ilikuwa imefungwa juu kama pembetatu, na mguu wake umepinda kushoto.

Akakaa chini kabisa, sakafuni.

Nyinyi mlioniandikia mkiapa kwamba mwizi ni Mwalimu, na wewe bwana uliyejaza kurasa tatu kumtuhumu wakili wa chama, kunyweni maji mtulie. Kikulacho ki nguoni mwako. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyeandika nne vile. Mama Malalamiko alimfundisha yeye mwenyewe kuandika, wakiwa watoto, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uani. Alimkosoa ile nne mpaka akachoka.

*

Saa mbili kamili mdogo wake aliingia na chupa ya chai, kama kila siku.

Ofisini walimwita Miwani, kwa ile miwani myeusi aliyoivaa tangu kifuniko kilipompiga usoni miaka miwili iliyopita. Kwa ajili yake ndipo dada yake alipopanda ngazi zile mara ya kwanza, kuleta lalamiko. Akarudi kuleta mchango. Akarudi tena kusaidia kupanga mafaili. Mwisho aliuza cherehani yake, akakaa mezani moja kwa moja, na watu wakampa jina.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo huku stoo. Funga mlango."

"Chai itapoa."

"Iache ipoe."

Stoo ilikuwa imejaa mabango. Yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu mpaka darini, na kila bango lilikuwa na uso wa Miwani, nusu yake imefungwa bandeji, na chini maneno makubwa: CHANGIA. KESHO NI WEWE.

Mama Malalamiko alimpa kalamu na karatasi.

"Andika nne."

"Nini?"

"Nne. Moja, mbili, tatu, nne. Andika."

Miwani hakuipokea kalamu. Aliiweka chupa ya chai sakafuni, polepole, akainyoosha isianguke.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Niliombwa."

"Na nani? Taja jina."

"Usinifanyie ya mezani kwako, dada. Mimi si foleni."

Hilo nalo mlijue. Watu walifika pale wakitetemeka, wana makovu, lakini wanaogopa Kampuni, wanaogopa Idara, wanaogopa hata mwenye duka. Mama Malalamiko alikuwa na neno moja kwa wote: taja jina. Lalamiko bila jina ni umbea. Amewaliza wengi kwa neno hilo, na alijisifia.

"Nakuuliza mara ya mwisho."

"Si ni yule Meneja wa Mahusiano wa Kampuni, mnayemwita Meneja Tabasamu." Alilitema jina kama kokwa. "Alinipa kifuniko kipya, nikampa kile cha zamani. Ulikuwa umeshuka kumpokea mzee mmoja kwenye ngazi, ufunguo umeuacha kabatini. Dakika kumi. Lebo sikuzitafuta. Nani alikuwa anakupangia kwenye kopo wino ukikauka?"

"Kwa bei gani?"

"Jicho."

"Jicho gani?"

"Nina mangapi, dada?"

Alifungua mkoba, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Mama Malalamiko aliisoma akiwa amesimama. Hospitali ya mbali, ng'ambo. Upasuaji. Chumba. Tiketi ya ndege, Ijumaa. Chini kabisa, sahihi ya Meneja wa Mahusiano, nzuri, ya mtu asiyekuwa na haraka.

"Hili zima nalo linafuata," Miwani alisema. "Daktari amesema mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo nitakuwa nakujua kwa sauti tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliwaambia! Mkutano wa mwezi wa tano. Nilisimama mbele yenu wote nikauliza kama chama kinaweza kunisaidia nitibiwe. Mwalimu alijibu nini?"

Mama Malalamiko aligeukia mabango.

"Sema, dada. Wewe ndiye unayekumbuka maneno ya watu."

"Alisema chama hakimtibu mtu mmoja. Kinazuia watu wote wasiumie."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliandika kwenye kumbukumbu za mkutano."

"Kwa wino wa kijani," Miwani alisema.

Kule nje mtu alikuwa akimwita Mama Malalamiko. Hakuitika.

"Miaka miwili uso wangu unawaletea michango," mdogo wake aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Nimetundikwa kwenye vituo vya basi, kwenye maduka ya dawa, kwenye milango ya vyoo. Watu wananitazama wanatoa walichonacho. Sawa. Sikulalamika. Lakini ile picha inaonwa na kila mtu isipokuwa mimi, dada. Mimi naona weupe na weusi tu."

"Na wale wengine? Mpishi wa shule? Umeiona mikono yake?"

"Nawaonea huruma."

"Huruma!"

"Ndiyo, huruma, kama mliyonionea mimi. Imenisaidia nini?"

Mama Malalamiko alitamani kumpiga kibao. Alitamani kumkumbatia. Alikuwa ameuacha ufundi wake kwa ajili ya mtoto huyu, na mtoto huyu alikuwa amemuuza kwa lebo yake mwenyewe.

"Sikuombi useme uongo," Miwani alisema, taratibu sasa. "Ukiulizwa sahihi ni ya nani, si ni yako? Ukiulizwa utepe umekatwa, haujakatwa. Wewe nyamaza tu kwa hayo mengine. Funika kombe mwanaharamu apite. Ijumaa ninaondoka."

Akainama, akaipapasa chupa ya chai pale sakafuni, akaikosa, akaipapasa tena. Mama Malalamiko aliushika ule mkono, akauongoza.

Wakanywa chai wamesimama, katikati ya nyuso thelathini za Miwani. Ilikuwa imepoa kweli.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa mpaka kwenye madirisha. Benchi la mbele alikaa mpishi wa shule, mikono yake mapajani, ngozi imevutika na kung'aa, vidole havikunjiki. Upande wa pili alikaa Meneja Tabasamu, na tabasamu lake amekuja nalo. Nyuma yake afisa wa Idara ya Viwango, yule wa "haionekani kwa sasa". Miwani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mkoba mapajani.

Boksi likawekwa mezani. Mama Malalamiko akaapishwa.

Wakili wa Kampuni alimsogelea kwa adabu kubwa. Alikuwa mtu wa sauti laini, wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, pole kwa usumbufu. Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Utepe huu umekatwa mahali?"

"Haujakatwa."

"Kwa hiyo kilichomo humu ndicho mlichonunua dukani, tarehe kumi na nne mwezi wa pili. Hakuna aliyekigusa."

Mama Malalamiko alitazama benchi la mwisho. Miwani hakuweza kuliona jicho la dada yake kwa mbali vile, lakini alikuwa amenyoosha shingo, anasikiliza.

"Ndiyo," alisema.

Uongo wa pili. Mpishi wa shule alitikisa kichwa kwa furaha, maskini, akidhani shahidi wao anajibu vizuri.

Boksi likafunguliwa. Wakili wa Kampuni alikitoa kifuniko kwa vidole viwili, akakiinua juu ukumbi mzima ukione.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, watu hawa wamezunguka miji wakisema vifuniko vyetu vina meno mawili. Naomba tuhesabu pamoja. Moja. Mbili." Akawageukia watu, mshenzi yule, akifurahia. "Tatu!"

Kicheko kilipasuka upande wa Kampuni.

"Changu kilikuwa na mawili!" mpishi wa shule alipaza sauti. "Niliyahesabu hospitalini, nilikuwa sina kazi nyingine!"

"Mama, kaa," karani wa Baraza alisema.

"Nimekaa! Nimekaa miezi kumi na moja!"

Mama Malalamiko alikaza macho kwenye meza. Yamekwisha, alijiambia. Vumilia dakika tano. Ijumaa mtoto anaondoka.

Ndipo Mwalimu alipoinuka.

"Mheshimiwa, naomba kukishika."

Akapewa. Alikigeuza kifuniko juu chini kama alivyokuwa akigeuza daftari la mwanafunzi aliyenakili. Akatoa kioo chake cha kukuzia. Akaweka kifuniko karibu na pua. Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Karibu na mpini, upande wa ndani, kuna mhuri wa kiwanda," alisema. "Sitaki kusoma mimi. Naomba Mheshimiwa asome."

Mwenyekiti, mama mzito mwenye sauti kavu, alivaa miwani yake.

"Kimetengenezwa mwezi wa sita. Mwaka huu."

"Na lebo?"

"Mwezi wa pili." Akainua macho. "Mwaka huu."

"Nimefundisha miaka thelathini na moja," Mwalimu alisema, "na sijawahi kuona kitu kilichozikwa kabla ya kuzaliwa."

Mpishi wa shule alipiga makofi kwa mikono yake ile isiyokunjika. Watu wa Jicho la Mnunuzi walisimama. Kwa muda wa pumzi mbili, wasomaji wangu, haki ilikuwa imeingia ukumbini na kuvua viatu.

Pumzi mbili tu.

"Namshukuru sana Mwalimu," Wakili wa Kampuni alisema, na sauti yake ilikuwa laini vile vile. "Kumbe boksi lilifunguliwa! Na lilikuwa kabatini kwa nani? Kwetu? Ufunguo alikuwa nao nani? Na ni nani aliyeapa sasa hivi kwamba halikuguswa? Mheshimiwa, hawa wameghushi ushahidi wao wenyewe ili kutuchafua. Naomba shauri litupwe. Na naomba chama hiki kifutwe kwenye usajili."

Afisa wa Idara alikubali kwa kichwa haraka hivi kwamba ungedhani ameajiriwa kwa kazi hiyo.

Mwenyekiti alimgeukia shahidi.

"Mama, umekula kiapo hapa. Sahihi yako ilifikaje juu ya boksi lililofunguliwa?"

Maji yalikuwa yamefika shingoni. Mama Malalamiko akasema kuhusu kopo la biskuti. Akasema kuhusu foleni, na kalamu ya kijani, na tarehe zilizoachwa wazi. Alisema kwa sauti ndogo, na alisema akimtazama Mwalimu, maana alimpenda mzee yule kama baba.

"Ngapi?" Mwalimu aliuliza kutoka kitini. Hakuruhusiwa kuuliza, lakini hakuna aliyemkataza.

"Ishirini kwa siku, Mwalimu."

Mzee alikunja kioo chake cha kukuzia, akakitia mfukoni, akakaa akitazama magoti yake. Afadhali angemtukana.

"Kopo hilo lilifunguliwa na nani?" Mwenyekiti aliendelea. "Nani alibadilisha kifuniko? Taja jina, mama."

Mwosha huoshwa.

Mama Malalamiko alishika ukingo wa kizimba. Akimtaja mdogo wake, shauri linaendelea, chama kinapona, na Miwani anatoka ukumbini hapo na pingu, Ijumaa inampita akiwa rumande, mpaka giza limkute. Akisema hajui, Kampuni inatoka na tabasamu lake, chama kinafutwa, na sufuria zile zinaendelea kuchemka kwenye majiko ya watu ambao hata hawajui kwamba zamu yao inakuja. Mpishi wa shule alikuwa akimtazama. Kila mtu alikuwa akimtazama isipokuwa mmoja, ambaye aligeuza tu sikio.

"Nasubiri, mama."

"Ni mimi," alisema.

Ukumbi uliguna.

"Wewe uliyebadilisha?"

"Mimi. Lebo zangu, kopo langu, mkono wangu."

"Na kifuniko hiki kipya ulikitoa wapi?"

"Nilipewa na yule." Alinyoosha kidole. "Meneja wa Mahusiano wa Kampuni. Alikuja na barua ya hospitali ya mdogo wangu. Akasema nikimpa kifuniko cha meno mawili, naye ananipa cha meno matatu, mdogo wangu atapelekwa kutibiwa jicho. Nikampa."

Uongo wa tatu, na huu ulikuwa umejaa kweli tupu. Kila neno lilikuwa sahihi isipokuwa neno "mimi". Angefungwa yeye. Sufuria zingeondolewa madukani. Na mtoto angebaki, si na jicho, hilo alijua limeshapotea, bali angalau na jina safi. Ndivyo alivyopiga hesabu, kwa haraka, kama anayekata kitambaa kisichotosha.

Alisahau kupima kitu kimoja. Mtu anayedanganya kila siku huumia vibaya anaposingiziwa.

"Muongo!" Meneja Tabasamu alikuwa juu, kiti kimeanguka nyuma yake, na tabasamu halikuwapo tena. "Muongo mkubwa! Mheshimiwa, mimi sijawahi hata kuongea na mwanamke huyu! Sikumpa yeye!"

Wakili wake alilivuta koti lake kwa nguvu. Koti lilikuja. Neno halikurudi.

Karani wa Baraza aliacha kuandika.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Hukumpa yeye," alisema.

"La hasha, Mheshimiwa. Kamwe."

"Nimekuelewa vizuri. Hukumpa yeye kifuniko." Alivua miwani. "Basi ulimpa nani?"

Meneja alitazama wakili wake. Wakili alikuwa akitazama dari. Meneja akatazama mlango, na njiani macho yake yakapita benchi la mwisho, yakakaa pale kidogo, kidogo tu, lakini shingo zote za ukumbi zikayafuata. Mpishi wa shule aligeuka. Mwalimu aligeuka mwisho wa wote, na Mama Malalamiko akaona bega la mzee likishuka.

"Taja jina," Mwenyekiti alisema.

Miaka miwili Mama Malalamiko aliwaambia watu neno hilo, wajane, wapishi, vibarua, akiwapigia meza walipositasita. Leo, kwa mara ya kwanza, aliomba Mungu jina lisitajwe.

Meneja Tabasamu alikuwa ameshahesabu. Kama ni kuzama, hazami peke yake. Tabasamu lilirudi mahali pake taratibu, akafungua mdomo.

Kabla hajatamka, kule nyuma benchi lililia. Mtu alikuwa amesimama. Mkoba ulianguka sakafuni, na aliyeuangusha hakuinama kuupapasa. Zikaanza kusikika hatua.

Mama Malalamiko hakugeuka. Alizijua hatua zile tangu zilipojifunza kutembea, yeye akiwa mbele amenyoosha mikono. Alichokuwa hakijui, na alikuwa amefumba macho akisikiliza, ni kama zilikuwa zinakuja mbele kwake, au zinaelekea mlangoni.